Mkono Uliokata Mierebi

6 Machi 1983

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo na lile tumbo lako ambalo nasikia siku hizi linatangulia kuingia mlangoni. Hapa hatujambo kwa kiasi chetu. Paa la jikoni limevuja tena, na yule kuku mweusi ameatamia mayai ya bata, anajiona mama wa watu. Usishangae mwandiko. Mkono unanisumbua kidogo, kwa hiyo naandika kwa huu mwingine, na huu mwingine haukwenda shule.

Ninalotaka kukuambia ni kwamba mierebi imekatwa. Si mmoja, si miwili. Ukingo wote wa mto, kuanzia daraja la mbao mpaka pale kwenye tanuri za matofali. Hata ule mzee alioupanda baba, wenye pango tumboni, umelala majini. Mle pangoni alikuwamo bundi na makinda yake. Kinda moja panga lilipita juu yake pamoja na gome. Mengine yalizama. Mama yao alikaa juu ya kisiki mchana kutwa, bundi mchana, kunguru wakimpiga mpaka damu ikamtoka jichoni, na hakuondoka.

Nyinyi watu wa mjini mmezoea kuuona mwerebi ni kivuli tu. Huu ndio mti wa kwanza kuchanua huku, miti mingine yote ikiwa bado imenuna. Dume lake hutoa yale maua ya manjano kama mikia ya paka, na nyuki waliotoka kwenye njaa huyakimbilia hayo kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka huu wamekuja wamekuta visiki. Samaki wachanga waliokuwa wanajificha kwenye mizizi nimewaona wanaelea, na ukingo umeanza kumeguka.

Nimevipapasa visiki vyote. Vimekatwa mshazari, mkato umelala kushoto, pigo moja moja, mtu mwenye hasira. Nimelia, siwezi kukuficha.

Lakini mwerebi hauuawi kirahisi. Matawi yaliyoanguka bado mabichi. Tunayakata vipande vya unene wa kidole gumba, tunavichonga upande wa chini, tunavichomeka kwenye tope mpaka kibaki kipande kidogo tu nje, macho ya kuchipua yakitazama juu. Ukigeuza kichwa chini miguu juu, unapanda kuni. Nisalimie wote.

Dada yako


21 Machi 1983

Dada, shikamoo.

Barua nimeipata. Nyumbani wazima, isipokuwa mke wangu ana kikohozi cha kiburi, hakisikii dawa. Machinjioni ni yale yale. Juzi fahali alikata kamba akambana mwenzetu ukutani, mbavu zikalia tukazisikia wote. Fahali tulimmaliza kwa shoka. Mwenzetu alimalizikia hospitali. Kesho yake tuliosha ukuta tukaendelea na kazi.

Yule kijana wangu, Kimya, hayupo. Tangu mwezi wa pili ametoka hapa bila kuaga. Nilimchapa, ndiyo, sikatai. Mwanaume wa miaka ishirini na moja anafukuzwa kazi, anakuja kunijibu mbele ya mama yake! Samaki mkunje angali mbichi; huyu wangu nimemkunja tangu mdogo na bado kichwa kigumu. Akifika huko mfungie ndani, unipe habari.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Dereva wa basi anayeleta barua zako amenieleza kwamba mkono wako umepigwa panga, umeshonwa kutoka kiwiko mpaka kifundo. Dada! Mtu anakatwa mkono, anaandika "unanisumbua kidogo", kisha anajaza ukurasa mzima na habari za bundi?

Nani? Nataka jina tu, mengine niachie mimi. Mkono uliokukata wewe hautashika kijiko tena, naapa kwa kaburi la mama.

Ingawa mwenyewe umeshaniambia bila kukusudia. Mimi kutwa nashika kisu, nasoma mkato kama wewe unavyosoma majani. Mkato uliolala kushoto ni wa mtu wa mkono wa kushoto. Na pale mtoni mwenye mkono wa kushoto ni mchoma matofali, ambaye miaka yote anautolea macho udongo ulio chini ya miti yako. Nimekosea?

Na hiyo miti yenyewe nisikudanganye, sikuililia. Ninachokumbuka mimi ni fimbo zake. Fimbo ya mwerebi inapinda, haikatiki mgongoni. Ndiyo iliyotunyoosha sisi, ndiyo maana kila nikija huko narudi na fungu langu.

Na unaposema "tunakata", "tunachomeka", wewe na nani?

Mdogo wako


14 Aprili 1983

Mdogo wangu, marahaba.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kidonda kilileta usaha nikalala na homa. Sasa naweza kushika kikombe. Kuku ameangua bata, na kila wakielekea majini anapiga makelele mpaka majirani wanatoka nje. Mpe mkeo pole ya kikohozi.

Mchoma matofali si yeye. Nakuandikia tena, usome polepole: si yeye. Siku ile ndiye aliyenipakia kwenye mkokoteni wake wa matofali akanisukuma mpaka zahanati, damu ikimtiririkia miguuni, akilia kuliko mimi. Udongo anautaka, kweli. Nilimkatalia, akanuna, akachimba kwingine. Watu wananuna bila kushika panga.

Ni nani basi? Sitasema. Wewe nakujua tangu unatambaa. Nakumbuka taya ya yule fundi viatu uliyoivunja, na nakumbuka jinsi ulivyokula ukashiba jioni ile ile. Nikikupa jina utakuja, na hutakuja mikono mitupu. Mkono ni wangu, maumivu ni yangu, na mimi nimeshasamehe. Sitaki mtu afe kwa ajili ya mkono unaopona.

Ukitaka habari, ninazo. Vipandikizi vimetoa macho, karibu vyote, na visiki navyo vinachipua pembeni kama vile havikuambiwa vimekufa. Viwavi wameshapanda juu ya majani machanga, na nyuma ya viwavi wamekuja ndege wadogo, kwa sababu ndege wa hapa hawalishi makinda yao nafaka, wanawalisha viwavi. Unakumbuka Bwana Miti wa serikali alivyonilazimisha kupanda mikalitusi kule juu? Imerefuka, imenyooka, inanywa maji kama mlevi, na ukigeuza jani lake hukuti hata mdudu mmoja. Hakuna ndege anayejenga pale. Mwerebi ni wa hapa hapa, na wadudu wa hapa wanaujua tangu enzi. Jani lake likiliwa matundu, mimi nafurahi.

Fisi maji amerudi. Ameacha mifupa ya samaki juu ya jiwe.

Dada yako


2 Mei 1983

Shikamoo dada. Sisi wazima.

Nilikuuliza mambo mawili, umenijibu viwavi.

Umesema si yeye mara mbili. Mtu asiyeogopa haandiki hivyo. Kakupeleka zahanati? Mwizi ndiye wa kwanza kupiga yowe! Anakutisha, anakaa hatua chache kutoka mlangoni kwako na wewe huna mwanaume ndani ya nyumba. Na mimi ndugu yako wa pekee nakaa huku nawakatia watu wengine maini? Wenzangu kazini wameshajua. Wananiuliza, "Vipi, aliyemkata dada yako kashalipa?" Nikae nao vipi?

Wala hujanijibu kuhusu kijana. Mama yake hali chakula.

Mwisho wa mwezi nina mapumziko.

Mdogo wako


20 Mei 1983

Mdogo wangu,

Leo salamu ni fupi. Barua yako ilikwama karakana kwa sababu basi liliharibika, nimeipata jana. Nampa dereva hii mkononi na nimemwambia asilale nayo. Nilidhani kunyamaza kwangu kunamlinda mtu mmoja. Naona sasa kunamtafutia mwingine kifo.

Aliyekata mierebi ni mwanao. Aliyenikata mkono ni mwanao.

Kaa chini kwanza, usirarue barua.

Alifika mwezi wa pili, anatembea kama mzee. Shati limegandia mgongoni, ilibidi niliroweshe kwa maji ya vuguvugu ndipo litoke, na lilitoka na ngozi. Nikamuuliza alichapwa na nini. Alinyoosha kidole dirishani, kule mtoni. Nikadhani anataka kukaa kivulini. Mimi mjinga, nikamwambia, "Nenda ukapumzike chini ya mierebi, mwanangu, pale pana upepo." Miaka yote naiona ile miti, naona nyuki, naona asali, naona vifaranga. Sikuwahi kujiuliza yeye anaona nini. Alikuwa anaona mafungu yako ya fimbo, mti baada ya mti.

Siku chache baadaye, kunapambazuka, nikasikia panga. Nilipofika daraja lilikuwa nyuma yake na miti yote ilikuwa chini. Alikuwa anayakata matawi yaliyolala huku anahesabu, "Moja! Mbili!", kwa sauti yako, mdogo wangu. Sauti yako hasa. Nilimkamata kwa nyuma. Hakujua ni nani, akageuka na panga. Aliponiona alilitupa mtoni, akavua shati akanifunga, akapiga kelele mpaka mchoma matofali akaja na mkokoteni.

Unasema unasoma mkato. Hukuusoma. Mwanao hakuzaliwa wa mkono wa kushoto. Ule wa kulia uliuvunja mwenyewe akiwa darasa la tano, ukawaambia hospitali ameanguka mtini, mfupa ukaunga kombo. Tangu hapo kila kitu anafanya kwa kushoto. Ulikuwa unakaa naye meza moja, hukuona?

Yuko hapa. Ndiye anayepanda. Kipande cha ule mti mzee chenye pango amekisimamisha, amekifunga kwa kamba kwenye nguzo ya daraja, na bundi ameingia. Ananiuliza majina ya ndege. Jana nimemsikia anacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Mdiria, yule ndege wa buluu anayejitupa majini, alitoka na jani badala ya samaki.

Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu: usije. Mwache mchoma matofali, hana kosa lolote. Mwache na mtoto apone.

Dada yako


24 Mei 1983

Dada, shikamoo.

Nimeingia sasa hivi kutoka safari. Barua yako nimeikuta chini ya mlango, sijaifungua. Nataka kwanza usikie kwangu kabla ya kusikia kwa watu. Najua utanikasirikia kwa kufika huko bila kupita kwako. Sikutaka wakuhusishe.

Nilimkuta anatoa matofali kwenye tanuri. Alifuta mikono kwenye suruali akanipa salamu, akasema, "Karibu, dada yako hajambo, nimepita kwake asubuhi." Kwa mdomo huo huo! Nikampiga na kibao cha kufyatulia matofali, akaanguka juu ya makaa. Nikamvuta nje. Mkono wake wa kushoto niliulaza juu ya tofali, nikachukua tofali jingine, nikapiga mpaka ukawa hauna mfupa. Alikuwa anauliza, "Kwa nini? Kwa nini, ndugu yangu?" Nikampiga mateke kifuani ili anyamaze. Vibarua wake walisimama wanatazama, hakuna aliyenisogelea.

Sikumuua. Nimemwacha anapumua. Naomba unielewe, usiku huu nitalala.

Mdogo wako


24 Mei 1983, jioni

Dada,

Nimeisoma.

Mwondoe. Mwondoe leo hii, usingojee asubuhi. Wale vibarua wamenijua, walikuwa wanaambiana, "Huyu ni mdogo wake mama wa mierebi." Ndugu za yule mtu wako wengi, na wakinikosa mimi watamtafuta wa damu yangu. Mfiche popote, mpandishe lori lolote. Posta ya huku imefungwa, siwezi kupiga simu. Barua zote mbili nampa dereva, na mimi mwenyewe natoka na gari la kwanza litakalokuwapo. Wakinikamata huko na wanikamate.

Mwambie. Sijui umwambie nini. Mwambie aondoke.


19 Juni 1983

Mdogo wangu,

Nasikia walikukamata kituo cha mabasi kabla hujapanda, na kwamba mahabusu mnalala kwa zamu kwa jinsi mlivyojaa. Pole. Mkeo alikuja, sasa amerudi kwa wazazi wake. Bata wa kuku wamekua, wanaelea, na yeye amechoka kupiga kelele. Mkono wangu umefunga. Vidole viwili havikunji.

Barua yako ya jioni ilichelewa, ikafika siku tunarudi kutoka makaburini. Dereva alinipa njiani, akavua kofia.

Mchoma matofali hakupona. Mbavu ulizovunja zilimchoma ndani, akakaa siku chache anatema damu, na maneno yake ni yale yale: kwa nini? Nilikwenda kumwuguza, wakanifukuza, na walikuwa na haki. Alipokata roho, mwanao alikuwa mtoni anazungushia miba vipandikizi, mbuzi wasile. Nikamwambia nini kimetokea na nani kafanya. Nikamwambia basi linaondoka mchana, apande. Alimaliza kuzungushia kipandikizi cha mwisho. Kisha akaoga, akavaa lile shati nililomshonea.

Akasema, "Shangazi, wanamzika mtu kwa kosa langu. Huko nje wanasema alikukata wewe. Watoto wake watakua wanaambiwa hivyo."

Nikamshika. Nina mkono mmoja, mdogo wangu. Alinibandua kidole kimoja kimoja, taratibu, asiniumize.

Yaliyobaki amenisimulia mjane wa marehemu, hakuna mwingine aliyekubali kunisimulia. Alifika kwenye tanuri, watu wamejaa msibani, akasimama mbele yao. Akasema, "Aliyekata miti ni mimi. Aliyemkata shangazi ni mimi. Huyu mzee alimsaidia, na baba yangu amemuua bure. Nimekuja kulisema ili msimseme vibaya." Akamaliza, akabaki amesimama. Ndugu wa marehemu walianza na makoleo. Mjane alipiga kelele waache, wakamsukuma. Mwanao hakukimbia wala hakuinua mkono. Mjane anasema alijikunja chini kama mtu aliyezoea, anayejua mahali pa kuweka kichwa.

Nilimkuta juu ya rundo la udongo. Kichwa sitakueleza. Nilimwosha mwenyewe, nikakataa wengine wasiingie, kwa sababu mgongo wake ulikuwa bado na mistari yako na sikutaka watu waione. Nimejuta kwa hilo. Ningewaita wote waingie waitazame.

Vijana wa upande wetu walikusanyika uani kwangu na mapanga, wanataka kwenda kuchoma nyumba kule. Walikuwa wananiangalia, wanangoja neno langu moja tu. Nilitoka nikalala chini mlangoni, nikawaambia wanikanyage wapite. Hawakupita. Kesho yake mjane alikuja, tukakaa mimi na yeye kwenye benchi la jikoni mpaka jua likazama.

Mvua imenyesha kwa nguvu. Mto ulifurika ukachukua daraja na shamba la kule chini. Pale alipopanda, ukingo haukumeguka. Ile mizizi ni michanga bado lakini imeshikana. Ndege mnana wamefuma viota vyao kwenye matawi yasiyoweza hata kubeba mkono wangu, vinaninginia vinagusa maji. Nimeyaandika haya kwa sababu hukuwahi kuuliza alikuwa anafanya nini huku.

Umenitumia ujumbe kupitia kwa wakili kwamba niseme siku ile ulikuwa kwangu, na kwamba mchoma matofali ndiye aliyeanza. Hapana. Nimeitwa mahakamani wiki ijayo, nitakwenda. Nitasema uliyomfanyia mchoma matofali. Nitawasema waliomuua mtoto. Nitasema ya mkono wake wa kulia na ya mgongo wake, tangu darasa la tano mpaka siku ile, na nitasema nikikutazama usoni. Na nitasema kwamba mimi nilijua miaka yote ile, nikawa nakuandikia habari za ndege.

Nikimaliza nitakuletea chakula na shati safi. Mkeo amesema hatakuja tena, kwa hiyo hakuna mwingine wa kukuletea.

Dada yako